Marehemu Hakupiga Makofi

Sisi watu wa Kulbila tuna ugonjwa mmoja, nao ni adabu. Nasema hivi kwa hasira na kwa upendo pamoja, maana adabu hiyo nusura imlaze mama mkwe wangu majini.

Kulbila iko pembeni kabisa ya Waga, mji wetu mkuu, upande ambao lami ilishakata tamaa zamani. Tangu niolewe pale hatukuwa na kiwanja kilichopimwa hata kimoja. Nyumba za tofali za udongo zimebanana, na vichochoro ni vyembamba mno, pikipiki mbili zikikutana moja lazima irudi kinyumenyume huku wenyewe wakirushiana maneno. Maji tulinunua kwenye mapipa ya kusukuma. Na kila uchaguzi ukikaribia tulisikia kwamba tingatinga linakuja kutufagia. Mimi Sibdou nilikuwa naweza kufunga vyombo vyangu vyote kwenye mkeka haraka kuliko ninavyomfunga mtoto mgongoni.

Basi mwezi wa kwanza mwaka ule, vumbi la kiangazi limetupaka wote rangi moja, wakaja watu wa mipango miji na habari ambazo masikio yetu hayakuzizoea. Walisema sasa kuna mpango wa nchi nzima. Makazi kama yetu hayatavunjwa tena. Yatapangwa na watu wakiwa humo humo: barabara zitapenya, mitaro itachimbwa, shule itapata mahali, miti itapandwa, na kila mwenye nyumba atapewa hati ya pale anapokaa. Halafu mkubwa wao akasema jambo lililonitoa machozi hadharani. Alisema nyumba ya udongo ni nyumba, tena kwa joto letu ni nyumba bora, na mpango utaihesabu hivyo. Jamani! Maisha yangu yote nimeambiwa nakaa kwenye kibanda. Nilimpenda mtu yule pale pale, na nilikuwa bado sijamaliza kumsikiliza.

Tulimwita Bwana Mkurugenzi. Mtu mrefu, mwenye miwani, shati limenyooka, sauti ya upole. Aliongea Kifaransa na mwenzake akawa anatafsiri. Naaba wetu, yaani chifu wa mtaa, alimpokea kwa kibuyu cha zoom-koom, maji ya unga wa mtama yenye tangawizi. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipopanda. Kwetu mgeni akishakunywa maji yako humpingi. Hata akikuambia jua linachomoza kaskazini, utatikisa kichwa na kumwongezea kibuyu.

Tena kwa heshima tuliyomjazia, hakuna aliyethubutu kumuuliza jina la ukoo. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza, kabla hujajua hata kama mtu ni mzima au mgonjwa. Lakini nani amuulize Mkurugenzi kama vile anamuuliza muuza mbuzi?

Akatundika ramani ukutani. Barabara kuu ilikata mtaa wetu katikati, imenyooka kama imechorwa kwa rula, na kweli ilichorwa kwa rula. Ilipita juu ya nyumba kama thelathini.

"Wenye nyumba hizi hawatatupwa," akasema. "Watapewa viwanja vipya, tena vikubwa, hapa." Kidole chake kikateremka mpaka bondeni.

Bondeni! Mungu wangu. Wewe mwenyewe hebu jiulize, mji ambao watu wanapigana vikumbo kwenye vichochoro, kwa nini uwe na uwanja mkubwa mtupu mbele ya macho ya kila mtu? Sisi tunajua. Mwezi wa nane bonde lile ni ziwa, maji yanamfika punda tumboni. Kiangazi linakauka, linakuwa gumu, safi, tambarare, vijana wanacheza mpira, na mgeni akipita anasema, lo, mahali pazuri hapa.

"Kuna swali?" akauliza Bwana Mkurugenzi.

Tulitazama vidole vya miguu yetu. Naaba akasafisha koo, akasema tumesikia na tunashukuru. Basi, makofi! Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nikageuka kumtazama mama mkwe wangu, Nopoko. Nyumba yake ilikuwa chini ya rula ile. Na yeye alikuwa anapiga makofi, machozi yanamtiririka.

Tulipofika nyumbani nilishindwa kujizuia.

"Mama, mbona ulipiga makofi?"

"Ulitaka nimtie Naaba aibu mbele ya mgeni wake?"

"Na mwezi wa nane utalala wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kitakuwa wapi?"

"Juu ya maji. Niache, Sibdou."

Nilimwacha, lakini moyo haukuniacha mimi. Nopoko ana kifua kibovu. Unyevu kidogo tu anakohoa mpaka unamwonea huruma, na nyumba ile, aliyoijenga na mumewe Mzee Raogo kwenye mwinuko, imempa uhai kwa sababu ni kavu. Mzee mwenyewe alitufia masika yaliyopita. Bondeni mama asingemaliza msimu mmoja, hilo sihitaji daktari kuniambia.

Mume wangu Boukari alikwenda kwa Naaba. Alirudi mabega yameshuka.

"Naaba anajua," akasema. "Amesema tangu mkutano chakula hakimpiti kooni. Lakini neno limeshatoka kinywani mwake mbele ya mgeni. Nani aende kumwambia mgeni kwamba chifu alisema asichokimaanisha?"

"Mimi nitakwenda."

"Wewe ukienda, kesho sisi tutakaa mtaa gani?"

Wiki iliyofuata walikuja kupaka alama nyekundu kwenye nyumba za kuhama. Nopoko aliwapa wapakaji maji ya kunywa. Nilitamani kupiga mtu.

Sasa mimi nauza benga, maharage na wali, pale njia panda. Wapimaji wa ramani wakawa wateja wangu, na Bwana Mkurugenzi pamoja nao. Nilimpakulia kila siku nikiwa nimevimba, nikijibu kwa neno moja moja. Yeye anakula kimya, anasema asante, anaondoka. Siku moja akaniomba nimwongezee pilipili. Nikamwongezea. Akaomba tena. Nikaudhika, ulimi ukateleza.

"We mtu unakula moto hivi, ukoo wenu nani?"

"Toé," akasema. "Gaspard Toé."

Upawa uliniponyoka. "Toé wa wapi?"

"Wa Toma."

"Msamo?"

"Msamo wa kuzaliwa."

Wee! Nilipiga yowe mpaka wenye pikipiki wakafunga breki. Kwani nyie hamna watani? Basi Wamossi na Wasamo ni watani tangu mababu wa mababu. Mimi Mmossi nikimwona Msamo ni mtumwa wangu, na yeye akiniona mimi ni mtumwa wake, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Anaweza kuingia jikoni kwangu akabeba sufuria. Naweza kumtukana mbele ya mkewe. Na mtani akikuomba jambo kwa dhati, kumkatalia ni mkosi mtupu.

"Mtumwa wangu!" nikamwambia. "Mla vichwa vya mbwa! Umekaa hapa wiki nzima unajifanya bwana mkubwa, kumbe umetoroka shambani kwangu!"

Wenzake walishika vijiko hewani, wameganda. Yeye akavua miwani. Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyefungwa mdomo siku nyingi, na Kifaransa chote kikamtoka, akanijibu kwa Kimoore, lugha yetu Wamossi, chenye lafudhi ya kwao.

"Nyamaza, muuza punda we! Nani alikuruhusu kupika bila kuniomba ruhusa mimi bwana wako? Miaka minne natembea na ramani hizi, kila mtaa nikifika naitwa Mkurugenzi, Mkurugenzi. Hakuna anayenitukana. Nilidhani nchi nzima imenichukia."

Nikafungua mdomo nimwambie la bonde. Boukari, aliyekuwa amekaa pembeni anakula, akanikanyaga mguu mpaka nikaona nyota. Alinivuta kando.

"Neno la Naaba halikanushwi kwenye sufuria la maharage," akaninong'oneza.

"Mama atakufa, Boukari."

"Najua! Unadhani sijui? Ni mama yangu. Lakini sisi sote tulikuwepo, sote tulipiga makofi. Utamwambia nini? Kwamba mtaa mzima ni waongo?"

Nikarudi kwenye sufuria nimemeza maneno, nikamwambia Toé kitu kingine. Nikamwambia Jumamosi tunamfanyia baba mkwe wangu matanga makubwa, yale ya kumwaga machozi ya mwisho na pombe ya mtama, na asipokuja kutuharibia nitajua Wasamo wamekwisha duniani.

"Nitakuja," akasema. "Atafufuka mwenyewe kwa kelele zangu."

Sasa kuna desturi yetu lazima uijue. Katika matanga makubwa, mke wa mtoto mkubwa wa marehemu huvaa nguo za marehemu, kofia yake, hushika fimbo yake, hutembea na kuongea kama yeye. Siku hiyo yeye si mkwe tena, ni marehemu mwenyewe. Watu humsalimu kwa jina la marehemu na kumweleza habari za nyumbani, na anachosema kimesemwa na marehemu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Ijumaa nilikuwa nalifua joho la Mzee Raogo, nalikung'uta, nafikiria jinsi alivyokuwa akiburuta mguu wa kushoto, ndipo wazo likanijia nikakaa chini kwenye povu. Mzee alikufa masika. Mkutano ulikuja baadaye, mwezi wa kwanza. Mzee hakunywa kibuyu kimoja na mgeni yeyote. Mzee Raogo hakupiga makofi!

Sikumwambia mtu. Niliogopa, kusema kweli. Naaba angeweza kuona nimemvua nguo kupitia joho la maiti, na Naaba akikukasirikia Kulbila, hata chumvi hupati ya kuazima.

Jumamosi mtaa ulifurika. Ngoma, vumbi, mitungi ya pombe, wali wa kumwaga. Nilitoka ndani nikiburuta mguu, fimbo mkononi, kofia imenifunika nyusi, na wanawake wakalipuka kwa vigelegele. "Mzee Raogo amerudi!" Watoto wakaniomba karanga kama walivyozoea kumwomba. Nopoko akanitazama juu mpaka chini, mikono kiunoni.

"Kumbe huko nako hukupata wa kukupikia," akasema.

"Nilipata," nikamjibu kwa sauti ya mzee, "lakini hakuna anayejua kununa kama wewe." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kile kikohozi kikanipa moyo.

Ndipo Toé akaingia na Wasamo wenzake watatu. Shati limegeuzwa ndani nje, miwani imefungwa kwa kamba, sufuria kichwani. Analia kwa sauti ya kujitia: "Mtumwa wangu amekufa! Nani atanilimia mimi! Raogo mvivu, umekufa ili usilime!" Wakapora nyama, wakamwaga maji kwenye moto wa wapishi, wakamvisha mbuzi kilemba. Halafu Toé akajitupa chali kwenye mlango wa Nopoko, chini ya ile alama nyekundu, akasema haondoki mpaka apewe mtungi na jogoo.

Nikamsogelea taratibu. Nikaweka ncha ya fimbo kifuani kwake. Mpiga ngoma akanyamaza, maana kila mtu alitaka kusikia.

"We Msamo, umelala kwenye mlango wa nani?"

"Wa mtumwa wangu Raogo."

"Ndiyo mimi. Nimekatiza usingizi wangu kwa ajili yako. Nimesikia una karatasi ukutani."

"Habari zimefika mpaka huko?"

"Huko hatuna kazi nyingine ila kusikiliza." Watu walivunjika mbavu. Nikangoja watulie. "Sasa nisikilize, mtumwa. Watu hawa wote walikupigia makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimekufa."

Kicheko kikakatika. Kwa jicho la pembeni nilimwona Naaba kwenye kiti chake, uso kama ukuta. Nikajikaza kisabuni.

"Unamwoza mke wangu kwa vyura? Ndiyo bei uliyopewa? Unamtoa Nopoko kwenye nyumba hii kavu, niliyoijenga kwa mikono yangu, unampeleka bondeni mwezi wa nane kitanda kielee mpaka Ghana? Na kwa kifua kile nitampokea huku kabla ya mavuno. Toé, mimi sijamaliza kupumzika na mdomo wake!"

Toé alicheka, alicheka sana, kisha kicheko kikapungua kidogo kidogo akiwa amelala pale pale. Akainuka akakaa. Akavua sufuria kichwani.

"Vyura gani, mzee?"

Nilisikia mafuta yakichemka kwenye karai. Watu wote walimtazama Naaba, na Naaba akanitazama mimi. Halafu akasimama.

"Raogo hakuwahi kudanganya alipokuwa hai," akasema. "Sioni kwa nini aanze sasa."

Mungu ampe Naaba wetu maisha marefu! Maneno hayo yalikuwa kama kuvuta kizibo. Mtaa mzima ukamrukia Toé kwa matusi, na kila tusi lilikuwa na ukweli ndani yake. "Mla mbwa, nilipoteza kondoo watatu bonde lile!" "Mtumwa wewe, pale jirani yangu alijenga, nyumba ikayeyuka kama sukari!" "Kaka yangu alitoka pale kwa mtumbwi wa beseni, mjinga wewe wa Toma!" Yeye aligeuka huku na huku, mdomo wazi, kama mtu anayeokota vitu vinavyorushwa.

"Kesho asubuhi," akasema mwisho, "mnipeleke."

Asubuhi tulishuka naye bondeni, mimi, Boukari, Naaba na Nopoko aliyebeba jembe lake begani. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukame. Toé alikanyaga, akapiga kisigino.

"Hapa pakavu kabisa," akasema. Hakuwa anabisha, alikuwa anatamani iwe kweli. "Sisi tulipima mwezi wa kumi na mbili. Tuliona tambarare, tukashukuru Mungu."

Nopoko alizungukazunguka akitazama nyufa, akachagua mahali, akaanza kuchimba. Udongo wa juu ulitoka vipande vikavu. Chini yake ukatoka mweusi, mzito. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akautoa. Kiganjani alishika chura mkubwa, amejikunja ndani ya tope lake, amelala usingizi wa kungoja mvua. Akamkabidhi Toé mikononi.

"Mkazi wa kwanza wa viwanja vyako," akamwambia. "Muulize anataka hati ya aina gani."

Boukari alicheka mpaka akakaa chini. Toé hakucheka. Alimshika yule chura kwa mikono miwili, akamtazama akifungua jicho moja.

"Kwa nini hamkuniambia siku ile?" akauliza.

"Ulikuwa mgeni," Nopoko akasema.

"Na sasa?"

"Sasa ni mtumwa wangu. Mrudishe mwenzio kitandani, unamwamsha bure."

Akamrudisha shimoni, akamfukia mwenyewe kwa mikono.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Ramani ilikuwa imeshapigwa sahihi, tena ni ya mpango wa taifa, na miji mingine ilikuwa foleni inangoja zamu. Toé alirudi ofisini kwake, tukakaa majuma mengi bila habari, alama nyekundu ikimtazama mama kila akitoka kunawa uso. Wengine wakaanza kusema Msamo ametucheza. Mimi nikamtetea, halafu nikirudi nyumbani namlaani.

Alikuja mwezi wa nne mawingu yakianza kujikusanya, amekonda, na safari hii karatasi yake ilikuwa nyeupe haina mstari. Naaba alipotaka kumpa kibuyu alikataa katakata.

"Sinywi kitu mpaka tumalize," akasema. "Nikinywa mtaanza kuniheshimu. Leo naomba mnitukane." Akatueleza wazi. Wakubwa wake walikasirika, wakamuuliza tangu lini barabara ya serikali ikapindishwa kwa sababu ya chura. Aliwang'ang'ania, akawapeleka bondeni wenyewe, wakachimba. Mwishowe wamempa nafasi moja tu. "Barabara lazima ipite. Gari la wagonjwa lifike, la zimamoto lifike. Mkikubali kujibana, kila mtu akatoa kipande cha ua wake, itapita kwa kujipinda na haitahamisha nyumba hata moja. Mkishindwa kuelewana, ramani ya kwanza inarudi, na mimi sitakuwa na la kusema."

Kujibana! Hapo ndipo utawajua watu. Yule aliyelia jana kwa ajili ya Nopoko leo ananung'unika kwamba bafu lake haliguswi. Mwingine anasema kuku wake watalala wapi. Kamba ya kupimia barabara ikavutwa, ikasimama, makelele mpaka koo zikakauka. Toé anatukanwa kushoto na kulia, na naapa alikuwa anafurahi.

Nopoko akaja na fimbo yake. Akaichomeka ndani kabisa ya ua wake mwenyewe, ng'ambo ya kibanda cha majani alimokuwa akikaa Mzee Raogo jioni zote za uhai wake.

"Pitieni hapa," akasema.

"Mama, kibanda cha baba!" Boukari akalia.

"Mwenyewe hakikalii tena. Chukueni, kabla sijabadili mawazo." Akawageukia majirani. "Nyie mnaogombania bafu, njooni mnifundishe uchungu."

Walikuja mmoja mmoja wakachomeka vijiti vyao. Mwenye bafu alikuwa wa mwisho, lakini alikuja. Barabara yetu leo imepinda kama nyoka aliyeshiba, dereva akiipita mara ya kwanza anatutukana, na mimi nikisikia tusi hilo namshukuru Mungu. Bonde halikujengwa. Mitaro inateremsha maji huko, kina mama wanalima mboga ukingoni, miti imepandwa kuzunguka, na ofisi za serikali sasa huleta watu wa miji mingine kuja kuona. Kwenye ramani mpya wameliandika kwa rangi ya buluu. Vyura wamebaki na mahali pao.

Mwaka huo mvua ilikuja ya kutisha. Siku tatu mbingu zilifunguka hazikufunga. Nilishinda mlangoni kwa mama mkwe nikitazama maji yakipita mtaroni kwa ghadhabu, mekundu, yamebeba majani na kandambili za watu, yanakimbilia chini yalikozoea. Ndani, sakafu kavu. Nopoko alikaa kitandani anachambua karanga, na katika siku zote tatu hakukohoa.

Hati zilitolewa mwezi wa tisa, uwanjani, matope bado yanang'ang'ania viatu. Toé alikuja mwenyewe kuzigawa. Kila aliyepokea alimpa tusi lake, naye akarudisha lake, na watu wakacheka. Yalipoitwa majina ya wajane nilishika mkono wa Boukari, maana kwetu mjane huitwa kwa jina la mwanawe au la shemeji. Wakaita: Nopoko. Jina lake mwenyewe, nyumba yake mwenyewe.

Akaenda mbele polepole. Akapokea. Toé akajiweka sawa, akatabasamu, kifua mbele.

"Haya, bibi. Nitukane niende zangu."

Nopoko hakumtukana. Alimpa mtu wa karibu hati amshikie, akashika kiuno, akashuka. Goti moja, halafu la pili, chini kwenye matope, viganja vimekutana, macho ardhini. Kwetu mwanamke humpigia magoti hivyo Naaba, au mkwe, au mtu mzito sana. Mtani hapigiwi magoti. Sijawahi kuona wala kusikia.

"Bibi, inuka," Toé akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Inuka, tafadhali. Niite mla mbwa. Niite mtumwa."

"Leo sikutanii," mama akasema. "Leo nakushukuru. Barka, mwanangu. Barka."

Alijaribu kumwinua, akashindwa, maana mama hakutaka kuinuka. Basi mtu yule, na suruali yake ya ofisini, akapiga magoti mbele yake, miwani imejaa ukungu, analia hadharani bila kujificha.

"Usipoinuka na mimi siinuki," akasema.

"Tangulia wewe."

"Hapana, bibi. Wewe kwanza."

Wakabaki hivyo wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake, matope yakipanda kwenye nguo zao, na hakuna mtu katika Kulbila yote aliyejua adabu inasema nini kwa jambo kama lile. Hata Naaba alikuwa amevua kofia tu. Mwishowe nilikwenda mimi. Nikawashika mmoja kila mkono, nikavuta, na walikuwa wazito, Mungu anajua walikuwa wazito.